Harusi Iliyoumwa Tumbo

Foleni ya choo nyumbani kwa Milisav ilianzia mlangoni pa choo chenyewe, ikazunguka banda la kuku, ikaishia chini ya miti ya plamu. Watu wote waliokuwa ndani yake walikuwa bado na nguo za harusi. Bwana mmoja mwenye suti ya bluu na ua kifuani alikuwa amejikunja, anaomba kwa adabu zote apishwe japo nafasi mbili tu. Hakuna aliyempisha. Jana yake watu hao hao walikuwa wakisukumiana viti, kaa wewe, hapana kaa wewe, mpaka karibu wapigane kwa heshima.

Daktari Rosanda Pavkov alishuka garini, akaitazama foleni ile kwa macho ya mwenye duka anayetazama wateja. Alikuwa mpelelezi wa magonjwa ya mlipuko wa wilaya. Wenzake polisi walikimbizana na wezi wa ng'ombe na madereva walevi, yeye akikimbizana na wahalifu wasioonekana kwa macho, wanaoingia kwa mdomo na kutoka kwa kelele. Alikuwa ametokea zahanati ya mjini, ambako wageni kadhaa wa harusi hii walipelekwa kabla hakujapambazuka. Wote walikuwa salama. Matumbo yalikuwa yakiwakata na kuwaendesha, lakini hakuna aliyekuwa na homa, na hakuna aliyetapika isipokuwa mzee mmoja, naye alikiri mwenyewe kwamba ile ilikuwa kazi ya rakia, pombe kali ya plamu.

Nyuma yake alishuka Obrad, dereva wake na mbeba sampuli, amekumbatia sanduku la barafu.

"Daktari, leo usiniambie nionje kitu."

"Lini niliwahi kukuambia uonje kitu?"

"Hujawahi. Ndiyo maana nakuwahi."

Katikati ya uwanja kulikuwa na gari jekundu, limegeuzwa uso langoni, buti wazi limejaa masanduku. Kiti cha nyuma alikaa bibi harusi, Stamena, na gauni lake jeupe, mikono kaifunga kifuani, shela kaiweka mapajani. Kando ya gari, baba yake Tihomir na baba mkwe wake Milisav walikuwa wakipigiana kelele pua kwa pua. Mmoja mfupi mwenye masharubu, mwingine mrefu mwenye kipara, na wote wawili walikuwa wameshikilia matumbo yao.

"Huyo hapo daktari!" Tihomir alisema. "Mama daktari, usijisumbue. Ni nguruwe wao. Mbichi mfupani! Nilimwona kwa macho yangu."

"Ulimwona ukamla robo nzima!" Milisav akajibu. "Daktari, ni keki zao. Mayai mabichi ndani ya krimu, zimesafiri kwenye buti la gari hilo hilo mlima mzima. Tumemwoa binti, tukapewa na sumu juu!"

"Umesikia, Stamena? Umesikia wanavyotusema?"

"Nasikia, baba," bibi harusi alisema. "Na majirani wanasikia."

Rosanda aliwatenganisha kwa mkono, kama anayefungua pazia. "Mzee Tihomir, hii mizigo inakwenda wapi?"

"Nyumbani. Binti yangu hakai kwenye nyumba inayolisha watu sumu halafu inatusingizia sisi. Kengele ya kanisa ya saa sita ikilia, tunaondoka."

"Na kama nitampata mhalifu kabla ya kengele?"

"Akiwa ni upande wangu, napiga magoti hapa, naomba radhi, na binti anabaki. Akiwa upande wake, naondoka na simu zao sipokei."

"Ondoka tu," Milisav alisema. "Na keki zilizobaki beba."

"Bwana harusi mwenyewe anasemaje?"

Wazee wote wawili walinyoosha vidole kuelekea mwanzo wa foleni. Kutoka ndani ya choo ikasikika sauti ya kijana, dhaifu lakini ina uchungu wa kweli. "Stamena! Usiende!"

"Sijaenda bado, Relja!" bibi harusi akapaza sauti. "Toka basi uniambie nikiwa nakuona!"

"Siwezi!"

Stamena aligeuza uso upande wa pili, akajifuta macho kwa ncha ya shela. Rosanda aliliona hilo. Akatazama mnara wa kanisa upande wa pili wa bonde, akaomba kiti, akaomba maji yaliyochemka, akaanza kazi.

Obrad alipita kwenye foleni akigawa vikopo vyenye vifuniko. "Chukua, mama. Chukua, mzee. Hapana, si cha rakia. Mkishajaza mniwekee pale juu ya ukuta, na tafadhali majina msibadilishane, hakuna zawadi." Watu walicheka wakijishika mbavu, kisha wakajuta kucheka.

Rosanda alikuwa na desturi yake. Kwa wagonjwa hakukaa sana, maana kila mgonjwa humtaja mtu asiyempenda. Aliwatafuta wazima. Katika harusi nzima wazima walikuwa wachache: watoto, mpiga kodiani, bibi harusi ambaye kwa aibu ya meza kuu hakula kitu zaidi ya mkate, na Msimamizi wa ndoa pamoja na mkewe.

Alianza na watoto. Walikuwa wakifukuzana kuzunguka gari jekundu, wana nguvu kama hakuna lililotokea.

"Nyinyi jana mlikula nini?"

"Keki!" walisema kwa pamoja.

"Halafu?"

"Keki nyingine!"

"Na nguruwe?"

"Ngozi yake ile inayolia karr," alisema msichana mwenye meno mawili pungufu. "Nilikula mpaka bibi akaninyang'anya."

"Na kabichi?"

Watoto walikunja sura zote kwa mara moja, mmoja akatoa na ulimi.

Rosanda alirudi kwa wazee wawili. "Keki ni safi. Watoto wamekula keki kuliko nyinyi wote, na wanaruka. Isitoshe, vimelea vya kwenye mayai vinakuja na homa, na hapa nimepima watu, hakuna anayechemka. Mzee Milisav, keki hazina kosa."

Tihomir aliinua kidevu.

"Nguruwe naye ni safi. Watoto wamemla pia."

Tihomir alikishusha.

"Jibini na nyama baridi ya mwanzo je?" aliuliza Obrad, ambaye alipenda kuonekana anajua.

"Hivyo vikiharibika humtapisha mtu muda si mrefu baada ya kula. Watu wangeanguka wakiwa bado wanacheza. Hawa walicheza, wakalala, tumbo likawaamsha usingizini. Basi kimebaki chakula kimoja."

Kabichi ya harusi ilikuwa fahari ya mama wa bwana harusi, Zagorka. Vyungu vitatu vikubwa vya udongo, kabichi imepangwa na nyama ya kondoo, ya ng'ombe na ya nguruwe aliyekaushwa kwa moshi, midomo imefungwa karatasi na uzi, vikakaa kandokando ya moto usiku kucha. Lakini Rosanda alipolitaja neno kabichi, Milisav na Tihomir walifanya jambo ambalo hawakulifanya tangu asubuhi. Walikubaliana.

"Kabichi haiwezekani," alisema Milisav.

"Haiwezekani kabisa," alisema Tihomir.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu Msimamizi alikula sahani mbili. Na mkewe moja na nusu. Watazame!"

Rosanda aliwatazama. Chini ya mzabibu, kwenye kiti pekee chenye mto, alikaa Bogoljub, Msimamizi wa ndoa, jitu la mtu lenye mashavu mekundu, mfanyakazi wa ujenzi huko Vienna, anakunywa kahawa yake ya pili. Ukoo wake uliisimamia ndoa ya Milisav, na ya baba yake Milisav, na ndio utakaowabatiza watoto wa Relja Mungu akijalia. Kijijini pale mtu angeweza kumtukana diwani, angeweza kumtukana hata padri akiwa mbali kidogo, lakini Msimamizi hapana. Bogoljub alipomwona daktari anamtazama, aliinua kikombe kumsalimu, mzima kama chuma.

Hilo kweli lilikuwa tatizo. Mtu aliyekula sahani mbili za kabichi yenye sumu hakai hivyo.

"Nataka kuviona vyungu," alisema Rosanda.

Vyungu vilikuwa vimeoshwa, vikasuguliwa kwa majivu, vikafudikizwa juu ya benchi. Obrad alipitisha pamba kwenye nyufa zake bila matumaini. Rosanda alivitazama kidogo tu, maana macho yake yalikuwa yameshapita yakaenda kwenye uzio. Juu ya uzio yalianikwa mablanketi matatu ya sufu, ya kufumwa kwa mkono, mekundu na meusi, na kila moja pembeni lilishonwa herufi S na R. Yalikuwa yanachuruzika maji.

Zagorka alikuwa akipita na ndoo. Alikuwa mweupe kwa maumivu, lakini nyumba yenye wageni haimruhusu mwenyeji kulala.

"Mama Zagorka, mablanketi mazuri haya."

"Kayafuma mkwe wangu Dobrila, mama yake Stamena. Miaka yake yote ya kumlea yule mtoto ipo humo."

"Mapya?"

"Mapya! Hayajalaliwa."

"Kwa nini basi yamefuliwa?"

Ndoo ilitulia mkononi. "Mtoto alimwaga divai."

"Kwenye yote matatu?"

"Ni mtoto mtundu."

Rosanda alimshukuru, akamfuata Dobrila mwenyewe jikoni, akamkuta anakunywa chai ya mnanaa na mkono mmoja tumboni.

"Mama, nani kaharibu mablanketi ya binti yako?"

"Mbwa," Dobrila alisema upesi. "Alilala juu yake."

"Mbwa wa hapa?"

"Wa jirani. Mbwa mkubwa sana."

Rosanda alirudi kwenye uzio, akainama, akazika pua kwenye sufu. Sufu ni kitu kisichojua kutunza siri. Chini ya harufu ya sabuni kulikuwa na moshi, pilipili manga na mafuta ya nguruwe.

"Obrad, njoo unuse mbwa wa jirani."

Obrad alinusa, akafumba macho. "Daktari, huyu mbwa alipikwa vizuri sana."

"Mablanketi yalifunika vyungu. Swali ni kwa nini, na kwa muda gani. Kila mtu niliyemuuliza ameniambia walikula mchana, baada ya kanisa, kwa wakati wake. Maneno hayo hayo, kwa mpangilio huo huo. Lini uliona watu wa harusi moja wakakubaliana kuhusu saa?"

Mpiga kodiani alikuwa Sreten, mtu mwembamba aliyelala juu ya nyasi na kofia usoni. Vidole vyake vinne vilikuwa na plasta.

"Umeumia, kaka?"

"Kazi, daktari." Aliinua kofia kidogo. "Wao walikula, mimi nilipiga. Nilipata mkate na jibini tu, na leo namshukuru Mungu."

"Lakini plasta nne! Uliwachezesha sana baada ya chakula?"

"Baada? Baada nilikuwa nimeshaisha. Ni kabla ya chakula ndiyo waliniua. Piga, Sreten, watu wasichoke. Piga, Sreten, watu wasione njaa. Tulipokuja kukaa mezani taa zilikuwa zimeshawashwa na mimi—"

Alimtazama Rosanda, akatazama chini ya mzabibu, akakaa kitako.

"Zilikuwa zimeshawashwa kwa sababu gani?" Rosanda aliuliza kwa upole. "Harusi ya mchana, mnakulaje usiku umeingia?"

Sreten alivuta kodiani lake, akalikumbatia, akaanza kupiga wimbo wa kuchezea duara kwa nguvu zote, plasta na yote. Kwenye foleni watu wawili watatu walianza kutikisa mabega kabla hawajakumbuka hali zao.

"Amekataa kutoa ushahidi," alisema Obrad.

"Ameshautoa. Nimebakiza shahidi mmoja."

Alipoanza kutembea kuelekea mzabibuni, uwanja mzima ulielewa. Milisav alikuja kwa hatua ndefu, Tihomir kwa hatua nyingi, wakasimama mbele yake bega kwa bega.

"Daktari, pale hapana," alisema Milisav.

"Msimamizi haulizwi maswali," alisema Tihomir. "Muulize nani mwingine umtakaye. Niulize mimi. Niulize mara mbili."

"Mzee Tihomir, saa nzima mmekuwa mnataka kutoana roho. Sasa mnanizibia njia pamoja."

"Haya ni mambo mengine."

"Mwacheni apite!" Bogoljub alinguruma kutoka kitini. "Mnamzuia mwanamke mgeni kuja kwenye kivuli? Njoo, binti yangu, kaa. Kahawa?"

Rosanda alikaa, akapokea kikombe. Wazee wawili walisimama nyuma yake wakihema.

"Bwana Msimamizi, nimefurahi kukukuta mzima. Ulikula kabichi jana?"

"Sahani mbili! Mama Zagorka hana mpinzani. Ila ilikuwa ya moto, we! Tazama." Alitoa ulimi wote. "Mpaka leo unaniwasha. Chungu kilikuja mezani bado kinatokota."

"Vyungu vile vikubwa?"

"Hapana, changu kilikuwa kidogo, cha meza yetu. Mke wangu na mimi. Wageni wengine walipakuliwa kwenye vile vikubwa."

Zagorka, aliyekuwa amesogea na ndoo yake, aliishusha chini. Dobrila alitokea mlango wa jikoni.

"Na ulifika hapa wakati gani?"

Hata kodiani lilinyamaza.

"Ah, usiniulize!" Bogoljub alijipiga paja. "Mpakani walituweka foleni asubuhi yote. Nikapita, tairi likapasuka. Nikabadilisha, la pili likapasuka. Nimefika hapa jua linazama, padri kasimama mlangoni pa kanisa, anaota mizizi. Lakini niliwapigia simu! Nikamwambia Milisav, ndugu yangu, kuleni, msiningoje, msiwaache watu na njaa. Si ulinijibu mmeshakula?"

Milisav alitazama viatu vyake. "Nilikujibu hivyo."

"Mlikula?"

"Tungekulaje bila wewe?"

Sasa watu walikuwa wameanza kusogea, foleni yote pamoja, isipokuwa yule aliyekuwa zamu yake. Rosanda alisimama ili wamsikie.

"Mama Zagorka, nitasema mimi, wewe nirekebishe. Vyungu vilitolewa motoni asubuhi, kwa sababu moto ulitakiwa kwa nguruwe. Mlitegemea kula mchana. Msimamizi hakuonekana. Bila Msimamizi hakuna kanisa, na bila yeye kuketi mezani vyungu havifunguliwi. Mkaona kabichi itapoa. Mkavifunika."

"Mimi ndiye nilisema tuvifunike," Zagorka alisema kwa sauti ndogo.

"Na mimi nikayatoa mablanketi sandukuni," alisema Dobrila, akaja kusimama karibu naye. "Yeye alikataa. Akasema hapana mkwe, ni ya watoto, bado mapya. Nikamwambia ndiyo yaanze kazi leo, kwa baraka. Tulivifunga vile vyungu kama vitoto vichanga. Tulicheka sana, daktari. Tulikuwa na raha sana jana mchana."

"Jioni Msimamizi alipofika, mlimpakulia yake kwenye chungu kidogo, mkakirudisha motoni."

"Ningempaje Msimamizi chakula cha uvuguvugu?" Zagorka alishangaa. "Nilikichemsha mpaka kikafurika. Vile vikubwa vilikuwa bado na joto lake. Nikaona si vibaya."

Rosanda aliitikia kwa kichwa taratibu. Ilikuwa ndiyo sehemu ya kazi yake aliyoipenda kupita zote, na hakujisumbua kuficha tabasamu.

"Mhalifu wenu anaitwa Klostridiamu. Hakuletwa na keki wala na nguruwe wa mtu. Anaishi kwenye udongo, anaishi kwenye nyama, yupo kila mahali. Ukiwachemsha hawafi wote. Wengine wanajifungia kwenye ganda, wanalala. Moto mkali hawautaki, baridi hawaitaki, hewa hawaipendi. Wanachokitaka ni chungu kikubwa kilichofungwa mdomo, na joto la kadiri, la kitandani, kwa muda mrefu. Hapo wanaamka na kuzaana. Mngekitia moto tena kila chungu mpaka kitokote katikati, wangekufa kama walivyokufa kwenye chungu cha Msimamizi. Mmewalaza kwenye sufu mpya mchana kutwa, halafu mkawala. Kesho mtakuwa wazima wote."

"Lakini babu yangu alifunika vyungu hivi hivi!" Milisav alisema. "Kwenye harusi yake! Kwa koti lake la kijeshi!"

"Mwezi gani?"

"Januari, theluji mpaka dirishani."

"Kwa hiyo kabichi ilikuwa ile chachu, iliyovundikwa pipani na chumvi kwa ajili ya majira ya baridi. Uchachu unawazuia. Hii yenu ni mbichi ya shambani, tamu, haina cha kuwazuia."

Watu waligeukiana. Kulisikika mnong'ono, kisha wote wakainua macho, maana Bogoljub alikuwa amesimama. Akiwa amesimama alifika karibu na zabibu. Mashavu yake yalikuwa yamepoteza wekundu wote.

"Kumbe ni mimi," alisema. "Nimechelewa, nimeiumiza tumbo harusi nzima ya mwanangu. Na nyinyi mlijua. Mmekaa hapa mnavunja ndoa ya watoto hawa kuliko kuniambia nilichelewa."

Ungedhani mtu kachokoza mzinga wa nyuki.

"Hapana, Bwana Msimamizi! Ni mpaka!"

"Ni matairi!"

"Ni vyungu vyangu!" Milisav alipiga kelele akijigonga kifua. "Nyumba yangu, moto wangu, vyungu vyangu! Kosa ni langu!"

"Langu!" Tihomir alimsukuma. "Bila mablanketi yangu vingepoa, na vingepoa mngevirudisha motoni! Daktari, niandike mimi!"

"Usimwandike! Anajipendekeza!"

"Mimi najipendekeza? Mimi niliyefuga kondoo wa sufu hiyo?"

"Utakuja kuninyang'anya kosa nyumbani kwangu?"

Walikuwa wamekamatana kola tena, pua kwa pua kama mwanzo, na Obrad alilazimika kukaa juu ya sanduku lake la barafu kwa kicheko. Bogoljub alijaribu kuwaachanisha huku akilia machozi ya wazi. Zagorka na Dobrila walikuwa wameshikana mikono, wanawatazama waume zao kwa uvumilivu waliouzoea.

Ndipo kengele ya saa sita ikalia.

Ililia kutoka upande wa pili wa bonde, polepole, na kila mtu akakumbuka gari jekundu. Wazee waliachiana kola. Mlango wa nyuma ulifunguka, Stamena akatoka, gauni limekunjamana, shela mkononi.

"Mmemaliza?" alisema. "Tangu alfajiri nimekaa humo ndani nikisikia nikigawanywa kama nguruwe. Mama zangu wawili wamefunika chakula pamoja, kwa blanketi langu, wakicheka. Hiyo ndiyo sumu mliyotaka kuniondoa hapa kwa ajili yake? Baba, shusha masanduku."

"Lakini kengele—" Tihomir alianza.

"Shusha, baba."

Tihomir alikwenda kwenye buti. Milisav alimfuata, akashika upande wa pili wa sanduku kubwa kabla hajaombwa, na hakuna aliyesema nani kaanza.

Mlango wa choo ulifunguka wakati huo huo. Relja alitoka akishikilia fremu, suti yake ya harusi imemning'inia, uso rangi ya maziwa. Alikuwa amesikia yote kupitia mbao. Alivuka uwanja peke yake, watu wakimpisha, mpaka akafika mbele ya mkewe.

"Jana sikukubeba kuvuka kizingiti," alisema. "Ilikuwa giza, watu wakatusukuma ndani kwa haraka. Si vizuri bibi harusi aingie kwa miguu yake."

"Acha, Relja. Utaanguka."

"Siachi."

Aliinama, akapitisha mkono mmoja nyuma ya magoti yake, mwingine mgongoni, akavuta pumzi. Stamena aliinuka kidogo kutoka ardhini, kiasi cha kuku kuweza kupita chini. Kisha magoti ya Relja yalikunjika, na wote wawili wakajikuta wamekaa kwenye majani, gauni limewafunika. Foleni nzima iliguna kwa huruma.

Stamena alicheka mpaka akashindwa kupumua. Alisimama, akakung'uta majani, akafunga shela kiunoni kama mwanamke anayekwenda kuteka maji. Akainama, akamwokota mumewe kutoka chini kama alivyokuwa akiokota ndama kwa baba yake, mkono mmoja chini ya magoti, mwingine mgongoni. Relja hakupinga; hakuwa na nguvu ya kupinga. Alimzungushia mikono shingoni, akaficha uso.

Sreten alivuta kodiani. Watu walianza kupiga makofi, wagonjwa kwa wazima, Bogoljub akipiga kuliko wote, na Rosanda naye akaweka kikombe chini akapiga. Stamena alipanda ngazi moja, akapanda ya pili, akasimama mlangoni apate pumzi, akageuka ubavu ili miguu ya mumewe isigonge fremu. Kisha akavuka.

"Karibu nyumbani kwetu, mume wangu," alisema.